Mgao wa Bweni la Zamani

Katika kikosi cha wabomoaji bosi wao alijulikana kwa jina moja tu, Tia Maji, na jina hilo alijipatia kwa kelele zake mwenyewe. Mtu akigusa boliti kabla bati halijalowa, sauti ya mwanamke yule ilipanda kutoka chini ya jukwaa kama king'ora: "Tia maji!" Mtu akiinua ncha moja kabla mwenzake hajashika ya pili: "Tia maji, halafu mshike wote!" Kulikuwa na kibarua mwenye maneno mengi, wenzake wakimwita Profesa kwa sababu aliwahi kufagia ukumbi wa mihadhara. Huyo alisema kwamba siku bosi wao atakapofika mbinguni, kabla hajasalimia mtu, atauliza kama mawingu yamelowa vizuri.

Kazi yao ilikuwa kushusha paa la bweni kongwe la chuo kikuu, kabla matingatinga hayajaja kulilaza chini na kupisha jengo jipya la ghorofa. Paa lenyewe lilikuwa la asbesto. Watu waliyaita mabati, ingawa hayakuwa na hata chembe ya chuma. Yalikuwa saruji iliyokandwa pamoja na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Bati likivunjika, nyuzi zinaruka na vumbi; mtu akizivuta, zinakaa kifuani mwake kama mpangaji asiyelipa na asiyehama. Hazimsumbui leo wala mwakani. Zinangoja azeeke, zimwoneshe nani mwenye nyumba.

Kwa hiyo bati halikuvunjwa. Lililowanishwa kwa pampu ya mgongoni, likafunguliwa kwa spana, boliti baada ya boliti, likateremshwa zima, likavikwa plastiki nene na kuzibwa kwa tepu kila upande. Kisha likaingia kwenye lori, na lori likaenda kulifukia kwenye shimo lililochimbwa kwa kazi hiyo tu, mbali na visima na mbali na watu. Wafanyakazi walivaa barakoa nzito na ovaroli nyeupe za kutupwa, na hakuna aliyekwenda nyumbani kabla ya kuoga palepale. Tia Maji ndiye aliyekuwa wa mwisho kuoga, baada ya kuhakikisha hakuna aliyejifanya ameoga.

Paa lile alilijua tangu utotoni. Baba yake ndiye aliyeliezeka.

Siku bweni lilipozinduliwa, mgeni wa heshima alipewa mkasi, mkasi ukapewa utepe, na mafundi wakapewa mabaki. Hilo halikuandikwa popote, lakini mtaa mzima ulio nyuma ya ukuta wa chuo unalikumbuka. Mabati yaliyovunjika kona, yaliyopinda, yaliyozidi, yalitupwa nje ya geti, wakaambiwa: hii ni zawadi yenu kwa kazi nzuri. Wakapiga makofi. Wakayabeba vichwani wakaenda kuezekea majiko, vyoo na mabanda. Waliokiuzia chuo mabati yale walikuwa na mashaka nayo siku nyingi; huko kwao walikuwa wameshaanza kuyakimbia. Ila nani atapoteza mate yake kumwambia fundi paa?

Basi paa la jikoni kwa mama yake Tia Maji lilikuwa ndugu wa tumbo moja na paa la bweni. Na hapo ndipo roho yake iliponing'inia. Lori lilikodiwa mpaka bweni liishe. Shimo lilifunguliwa kwa ajili ya chuo tu. Mabati ya mwisho yakishafukiwa, mtu binafsi hata akilia machozi ya damu hana pa kupeleka asbesto yake, na ufa uliokwisha kuonekana juu ya jiko la mama ungeendelea kupanuka, msimu kwa msimu, juu ya sufuria.

"Mama, wiki hii tunamaliza," alimwambia asubuhi moja, amesimama mlangoni na chai yake.

"Hongereni." Mama alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso.

"Lori likiondoka halirudi. Tulishushe na hili."

"Hili limekukosea nini?"

"Nimeshakwambia, mama. Ni sumu."

"Sumu!" Mama alilitema lile neno kama jiwe kwenye wali. "Nimepika hapa tangu hujaota meno. Umekula, umeshiba, umerefuka mpaka unagonga kichwa mlangoni. Hao majirani wenye mabati ya chuma, mvua ikinyesha wanaongea kwa kupiga mayowe kama wako mnadani. Mimi hapa naisikia redio mpaka mtangazaji akivuta pumzi. Sumu gani yenye adabu hivyo?"

Tia Maji alinyamaza. Baba yake alikufa akikohoa, na waliomtibu walisema ni sigara, mtu ambaye hakuwahi kushika sigara hata ya kumshikia mwenzake. Wote wawili walijua alichokuwa akinyamazia.

"Sema basi," mama alisema, sasa akimtazama. "Sema baba yako alinijengea kaburi, nikakaa humo nakoroga mchuzi."

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo unavyosema kila ukiitaja hiyo sumu yako. Nenda kazini, utachelewa."

Akaenda kazini amekunja uso, na siku hiyo hata bati lililokuwa likichuruzika aliliona kavu.

Saa ya chai, kikosi kizima kikiwa nje ya uzio wa hatari, kimeshaoga na kubadili nguo, baba mdogo alitokea getini akisukuma mkokoteni. Alikuwa ndugu wa mwisho wa marehemu, mzee mwenye kofia iliyomzidi kichwa na sauti iliyomzidi mwili.

"Salamu kwenu nyote!" alisema. "Nimekuja kuchukua mgao."

Hapo kikosi kikageuka kumtazama bosi. Mgao ni desturi ya wabomoaji kila wanapokwenda, na haihitaji mkataba. Jengo likianguka, kinachobaki ni cha waliolitolea jasho, wao na jamaa zao. Bosi anayezuia mgao hapati watu wa kumfanyia kazi mara ya pili. Tia Maji mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa wakubwa wa chuo kabla ya kazi kuanza na kuwaambia waziwazi kwamba milango, fremu, masinki na mabomba ya bweni ni mgao, la sivyo watafute kikosi kingine.

"Karibu, baba mdogo. Mkokoteni unataka kubeba nini?"

"Mabati tu. Banda la kuku linavuja, mayai yanalowa."

"Mabati hapana. Chukua milango."

"Milango! Kuku nimwezekee mlango?"

"Watalala kama wanafunzi, mzee," alidakia Profesa. "Kila mmoja na chumba chake, na jogoo tutamweka kuwa mlezi wa bweni."

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka. Alivua kofia, na alipovua kofia watu wa ukoo walijua kuna hotuba.

"Paa hilo kaliezeka kaka yangu. Mimi nilisimama kwenye ngazi nampa boliti, jua la utosi, ninyi bado hamjaanza kulia duniani. Leo binti yake ananifungia geti? Ananiambia nibebe mlango?"

"Nakuzuia kwa sababu wewe ni baba yangu," alisema Tia Maji. "Ungekuwa mtu baki ningekuzuia vilevile, ila kwa ukali zaidi."

"Nakwenda kwa mama yako."

"Nenda. Mwachie mkokoteni Profesa aukalie."

Alikwenda kweli. Na alichomweleza shemeji yake huko jikoni hakijulikani chote, ila kilitosha. Alasiri, mama mtu alionekana akivuka barabara na mwavuli wake, mtandio wa kwendea harusini begani, baba mdogo nyuma yake akitembea kama shahidi anayepelekwa mahakamani. Walinzi wa geti walimwona usoni wakaamua kumpisha.

Tia Maji aliwasimamisha mbali, kwenye kamba ya wageni, upepo ukivuma kutoka kwao kwenda bwenini. Alivua barakoa na ovaroli, akaoga, akawafuata kwa miguu mizito. Alikuwa bosi wa watu wazima wenye misuli, lakini mbele ya mwavuli ule alikuwa na miaka saba.

"Wewe," mama alianza. "Shemeji yangu amekuja kwako, mtu mzima, na kofia yake…"

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamepanda juu ya paa.

Juu kule Profesa na mwenzake walikuwa wamelala kifudifudi kwenye ubao, mmoja huku, mmoja kule. Maji yalipulizwa taratibu kama mtu anayemwagilia miche. Spana ikazunguka. Boliti ikatoka, ikawekwa ndooni, haikutupwa. Mikono minne ikapita chini ya bati, na bati likainuka lote kwa pamoja, likapewa wawili waliosubiri kwenye jukwaa, wakawapa waliokuwa chini. Hakuna aliyelirusha, hakuna aliyekimbia. Pale chini plastiki ilikuwa imetandikwa tayari. Likalazwa, likafunikwa kona hii, kona ile, likazibwa.

"Mnalifunga nguo kama mtoto mchanga," mama alisema polepole.

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na boliti mnazitunza."

Kabla Tia Maji hajajibu, Profesa aliivuta barakoa pembeni, jambo lililokatazwa, akapiga kelele kutoka juu bila kujua nani yuko chini: "Bosi! Aliyekaza boliti hizi Mungu amlaze pema! Mabweni mengine tunagombana nazo mpaka bati linapasuka. Hizi zinafunguka zenyewe, zinasema karibu!"

"Vaa barakoa!" alinguruma Tia Maji.

Lakini mama alikuwa amemshika mkono.

"Mwambie ni mume wangu."

"Mama…"

"Mwambie! Mwambie alikuwa anaikaza, halafu anairudisha nyuma kidogo, nusu ya nusu. Ili bati lipumue jua likiwaka. Wenzake walimcheka, wakamwita bwana taratibu. Shemeji, si kweli?"

"Kweli tupu," alisema baba mdogo, na kofia ikawa mkononi tena, safari hii bila hotuba. "Mimi mwenyewe nilimcheka."

Tia Maji alipaza sauti, akayasema yote kama yalivyo, na juu ya paa zile ovaroli nyeupe zikatikisika. Profesa alikuwa amempigia saluti mjane wa fundi, amelala vilevile kifudifudi.

Mama akafunga mwavuli.

"Nilidhani mnavunja kwa nyundo," alisema. "Usiku nalala nawaza, watakuja na manyundo, waangushe kazi ya mkono wake vumbi tupu jikoni kwangu, halafu waseme tumekuokoa."

"Si nilikwambia kila siku?"

"Uliniambia sumu. Sumu, sumu, sumu, kama kasuku. Hukuniambia mnayashusha hivi."

Hilo lilimwingia Tia Maji penyewe. Ni kweli. Alikuwa amebeba hasira ya kifo cha baba yake kwa miaka mingi, akaimwaga yote kwa mama yake, mtu pekee ambaye hakustahili hata tone.

"Haya," mama alisema. "Njooni mlishushe. Lakini apande huyo mwenye mdomo."

Furaha ikawa fupi, kwa sababu mkuu wa majengo wa chuo alikuwa amefika nyuma yao na amesikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa katikati, tai imepeperukia begani, simu mbili, na juu yake watu wa kumlaumu kila upande.

"Mnashusha wapi tena?" aliuliza.

"Jikoni kwa mama yangu," alisema Tia Maji. "Na lori letu ndilo litakalobeba."

"Dada yangu, haiwezekani. Lori ni la chuo, shimo ni la chuo. Leo nikikubali jiko moja, kesho mtaa mzima umepanga foleni."

"Hapo umesema. Mtaa mzima. Ndicho ninachokitaka."

"Unanitafutia makubwa."

"Makubwa yalitafutwa siku mlipowapa mafundi takataka mkaziita zawadi. Mabati yale yametoka kwenye lundo moja na haya. Unajua hivyo, mimi najua hivyo, na kuku wa baba mdogo wanajua hivyo."

Nyuma yao zamu ya pili ilikuwa inangoja kuvaa ovaroli. Mmoja wao, mtu mrefu asiyezungumza sana, aligeuza ndoo akaikalia. Mwenzake akakaa juu ya tairi. Mara wote walikuwa wamekaa, kama watu wanaongoja harusi ianze. Profesa na wenzake walilimaliza bati lililokuwa mikononi, wakashuka, wakaenda kuoga, wakatoka wakakaa pia.

"Mmegoma?" aliuliza mkuu wa majengo.

"Tugome tuna wazimu, mkuu?" alisema Profesa, nywele zikidondosha maji. "Tumechoka tu. Imetokea tumechoka kwa pamoja."

Hapo mama alisogea mbele, mtandio ukianguka begani.

"Mwanangu," alimwambia mkuu wa majengo, "mimi sijaja kuomba kitu. Nimekuja kurudisha mali yenu. Mume wangu aliyachukua hapahapa getini. Ameyatumia, tumeshukuru, sasa hatuyataki. Tangu lini anayerudisha mali ya watu akafungiwa mlango?"

Mkuu wa majengo alitaka kujibu, pembe za mdomo zikamsaliti, akageuka upande asionekane anacheka. Kisha akatembea mpaka chini ya kivuli cha lori na kupiga simu, ya kwanza, ya pili, akirusharusha mkono, akisema "ndiyo, mali ya chuo, imerudishwa" kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Walimwangalia wote, pamoja na dereva wa lori aliyekuwa amelala akaamshwa na simu hizo.

Aliporudi alikuwa ameiweka tai mahali pake.

"Shimo wamekubali. Lori litabaki mpaka mabati yote ya aina hii huko mtaani yaishe. Mtayashusha kwa utaratibu uleule, na mavazi yaleyale. Ila chuo hakitasema kilikosea. Hilo msiningojee."

"Msiseme," alijibu Tia Maji. "Kusema hatuwalazimishi. Kukumbuka tutakumbuka wenyewe."

Watu wakainuka kwenye ndoo zao. Uchovu ulikuwa umekwisha ghafla, maajabu.

Jiko la mama lilishushwa kwa asubuhi moja. Sufuria zilitolewa, redio ikatolewa, majirani wakaambiwa wafunge madirisha na kuingiza watoto ndani. Sakafu ikatandikwa plastiki. Mama alikaa baraza ya mbali, ng'ambo ya njia, akimwongoza Profesa kwa ncha ya mwavuli, mtu ambaye hakuhitaji kuongozwa na ambaye kila mara aliitika "naam, mama" kutoka ndani ya barakoa. Lile lenye ufa walililowesha mara mbili na kulishusha kama yai. Boliti zikatoka bila ugomvi, nusu ya nusu, kama alivyoziacha mwenyewe. Zilipokwisha kusuguliwa ndani ya maji, mama alidai ndoo iletwe aone, akaona, akasema vizuri.

Baada ya jiko lile, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ni baba mdogo. Banda lake la kuku, kumbe, nusu yake lilikuwa limeezekwa kwa mabati ya zamani yaleyale, na yeye alikuwa anatafuta ya kumalizia.

"Mbona hukusema?" Tia Maji alimuuliza.

"Mbona hukuuliza?" alisema baba mdogo. "Wewe ulikuwa na milango tu kichwani."

Mlango aliuchukua mwishowe. Ulikuwa mzuri, mbao ngumu, na wanafunzi wa miaka hiyo walikuwa wamechonga juu yake matusi kwa mlezi wao wa bweni. Kuku hawakuyasoma.

Paa jipya la jikoni lilitoka kwenye uzio. Ule uzio wa ndani, uliozunguka eneo la hatari, ulikuwa wa mabati ya chuma, na paa la bweni lilipokwisha, uzio ukawa mgao kama vitu vingine. Mabati yake yalioshwa pande zote mbili, yakakaushwa, yakapandishwa juu ya kenchi, zile mbao za kubebea paa alizozisimamisha baba. Shida ilikuwa maandishi. Kila bati lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mtu: HATARI, USIINGIE.

"Tutayageuzia juu," alisema Tia Maji. "Yatazame mawinguni."

"Yatazame ndani," mama alisema.

"Mama, upike chini ya neno hatari?"

"Shemeji yangu ana tabia ya kuja kufunua sufuria. Akiinua kichwa asome."

Ikawa hivyo. Na mvua ya kwanza ilipokuja, ilikuja na matarumbeta yake. Baba mdogo alikuwa ndani tayari, amekaa chini ya herufi ya H, sahani mkononi, hakuna lililomzuia. Tia Maji aliegemea mlango, nywele zimelowa, anatabasamu bila kujijua. Redio ilikuwa inasema, lakini nani angejua inasema nini? Mama aliipandisha, akaipandisha tena, mwisho akaizima kwa hasira ya uongo.

"Kelele gani hizi!" alipiga ukelele.

"Nini?" alisema baba mdogo.

"Nasema kelele!"

"Ndiyo, chakula kimeiva!"

Mama akakaa kwenye kigoda, akaweka mkono kando ya mdomo, akaanza kuwasimulia habari ya fundi mmoja aliyeitwa bwana taratibu, ambaye alikuwa akikaza boliti halafu anairudisha nyuma kidogo. Walikuwa wanaijua. Lakini ilibidi aisimulie kwa kupiga kelele, neno kwa neno, juu ya mvua yote ile, na sauti ikapenya ukuta ikaingia kwa majirani, ikapita kwao ikaingia kwa wengine, mpaka nusu ya mtaa ikasikia nani aliliezeka bweni la chuo, na alipewa nini. Hakuna aliyegonga ukuta kuomba kimya.